Fundi Asiyekimbilia Kuuza Kadi

Kawangware, Nairobi, kuanzia kituo cha Congo hadi cha 46, saiba, yaani maduka ya intaneti, hupimwa mwezi wa Juni. Watu humiminika kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, kompyuta zinakuwa nzito, na mwenye duka anaanza kufikiria kwenda Luthuli Avenue kununua kadi za mtandao zenye kasi zaidi.

Fundi ninayemvulia kofia humzuia kwanza. Humuuliza: ni nini hasa kinachochelewa? Kama ni ukurasa wa iTax, tovuti ya KRA, na intaneti inayoingia dukani ni megabiti 10 kwa sekunde, kadi ya gigabiti haitaongeza kitu. Hata ile kuukuu ya megabiti 100 bado ina nafasi tele. Lakini kama ni picha na video za harusi zinazohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, kadi mpya ina kazi, mradi swichi inayoziunganisha mashine nayo iwe ya gigabiti. Swichi ya megabiti 100 huishusha kila kadi ilingane nayo.

Halafu anashika kebo, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ndani mna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Gigabiti, kwa kiwango kilichopitishwa mwaka 1999, inazitaka zote nne. Waya wa zile jozi mbili za ziada ukilegea kwenye plagi, kadi nyingi hurudi kimyakimya kwenye megabiti 100, na mwenye duka asijue pesa yake ilipotelea wapi. Fundi hukwangua waya kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ile ya bei ya chini huonyesha weupe wa alumini iliyopakwa shaba juu. Akiridhika, hukata plagi ya zamani, huzinyoosha nyaya kwa kidole gumba, huzipanga kwa rangi, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, hadi kahawia ya mwisho, huzikata zilingane, ndipo abane plagi mpya. Ni kazi ya dakika chache, na mkono usiotulia hauiwezi.

Wengi hulipa kifaa na kuiona akili kuwa ya bure. Si haki. Mwenye saiba, siku fundi atakapokagua duka lako lote akakwambia usinunue kadi, mlipe.