Karantini ya Mifugo: Amri ya Ofisi au Silaha ya Wafugaji?

Mara nyingi mambo ya kupe na ng'ombe huachiwa bwana mifugo. Kada wa Chama hudhani kwamba kazi yake ni siasa, na kwamba dawa ya josho si siasa. Huu ni upotofu wa mawazo. Katika nchi ya wakulima na wafugaji, swali la ng'ombe wa nani wafungiwe, kwa muda gani, kwa amri ya nani na kwa hasara ya nani, ni swali la siasa tupu. Makala haya yanakusudia kuzikosoa kanuni za karantini zinazotumika dhidi ya magonjwa yaenezwayo na kupe. Tutaonyesha kwamba lengo la kanuni hizo ni sahihi, lakini njia yake ina makosa matatu, na kwamba makosa hayo hayatibiwi kwa kuongeza faini wala kwa kuifuta karantini.

Tuchukue mfano wa Nkoma, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Itilima kuanzishwa mwaka 2012. Mfugaji wa huko hafugi kwa ajili ya maziwa na nyama tu. Ng'ombe ndiye anayekokota plau katika shamba la pamba na la mahindi. Ndiye akiba ya nyumba, mahari ya kijana, na karo ya mtoto. Kwa hiyo ndigana kali, ndigana baridi, maji moyo na ugonjwa wa kukojoa damu ni adui wa uzalishaji mali wote wa kijiji. Ndigana kali ndiyo mbaya zaidi: mnyama huvimba tezi, hupata homa, hushindwa kupumua, na mara nyingi hufa katika wiki chache tangu kuumwa na kupe mwenye vimelea.

Kanuni na chimbuko lake

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, kama sheria za kikoloni zilizoitangulia, inawapa wataalamu wa Serikali uwezo wa kutangaza eneo kuwa lina ugonjwa na kuzuia mifugo kuingia au kutoka bila kibali. Mwenye ng'ombe analazimika kutoa taarifa, na anayevunja amri hushitakiwa. Amri ikitolewa, biashara ya mnadani husimama.

Kanuni za namna hii hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1897 na 1898 daktari Mjerumani Robert Koch aliona vimelea vidogo katika damu ya ng'ombe wa pwani, alipokuwa Dar es Salaam. Mwaka 1901 na 1902, baada ya vita vya Waingereza na Makaburu kumaliza ng'ombe wa Kusini mwa Afrika, walowezi waliagiza ng'ombe kutoka Afrika Mashariki, na ndigana kali ikasafiri nao kupitia bandari ya Beira. Punde Charles Lounsbury akathibitisha kwamba mwenezaji ni kupe wa kahawia. Hapo serikali za walowezi zilikusanya silaha zote kwa pamoja: karantini, uzio, josho na kuchinja. Afrika Kusini ilichukua nusu karne kuumaliza ugonjwa huo, hadi miaka ya 1950.

Wataalamu wengi husimulia ushindi huo na kusahau mambo mawili. La kwanza, karantini haikusimama peke yake. Nyuma yake kulikuwa na josho lenye dawa. La pili, gharama yake waliibebeshwa Waafrika. Huko East Griqualand mwaka 1914 wanakijiji waliasi dhidi ya kulazimishwa kuogesha mifugo kwa fedha yao wenyewe na chini ya amri wasiyoshauriwa. Hawakuwa wakitetea kupe. Walikuwa wakikataa kutawaliwa kupitia ng'ombe wao.

Kosa la kwanza: kumfunga ng'ombe na kumwacha kupe

Karantini ni silaha kali dhidi ya ugonjwa unaotoka moja kwa moja kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Sotoka, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa ya namna hiyo. Virusi vyake havidumu nje ya mwili wa mnyama, kwa hiyo ukimtenga mgonjwa na kuwachanja wazima umeukata mnyororo. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa.

Ndigana kali ina kanuni nyingine ya maisha. Kupe wa kahawia humpanda mnyama mara tatu katika uhai wake: akiwa mchanga, akiwa wa makamo, na akiwa mzima. Kila akishiba huanguka na kwenda kujibadili nyasini. Hupata vimelea katika hatua moja na kuviambukiza katika hatua inayofuata. Kupe mzima mwenye njaa anaweza kungoja malishoni zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo karantini ya wiki chache ikifunguliwa, ng'ombe hutoka lakini kupe bado yupo anamsubiri. Isitoshe, ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na vimelea damuni huku akionekana mwenye afya. Na mashariki ya nchi ya Wasukuma kuna Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, ambako nyati hubeba vimelea hivyo bila kuugua. Nyati haombi kibali cha kusafiri.

Kibaya zaidi, karantini huwabana wanyama wengi kwenye malisho yale yale na lambo lile lile. Ikiwa josho la eneo hilo halina dawa, basi tumewakusanyia kupe chakula. Kanuni inayomfunga ng'ombe na kumwacha kupe huru imechukua umbo la sayansi na kuacha maana yake.

Kosa la pili: mzigo kumwangukia mnyonge

Kanuni husema "mwenye mifugo" kana kwamba wafugaji wote ni sawa. Hawako sawa. Mwenye ng'ombe 6, wawili wakiwa maksai wa plau, akifungiwa mnada wakati wa karo au wa njaa, hana pa kutokea. Humuuzia mnunuzi anayepita usiku kwa bei ya kutupa. Mwenye mamia ya ng'ombe anaweza kungoja, na ana uwezo wa kununua dawa na bomba la kunyunyizia. Mfanyabiashara mkubwa naye anayajua mapito ya porini na anajua vibali hupatikanaje. Hivyo amri iliyotolewa kwa jina la afya ya mifugo yote inaweza kuhamisha mali kutoka kwa mnyonge hadi kwa mlanguzi, na bado ng'ombe wenye kupe wakasafiri.

Matokeo ya pili ni kuficha ugonjwa. Kanuni yote inategemea mfugaji atoe taarifa mapema. Lakini mfugaji anayejua kwamba taarifa yake italeta kufuli bila dawa, atanyamaza na kumuuza mnyama kabla hajafa. Tusimwite mjinga, ameisoma kanuni vizuri kuliko aliyeiandika.

Kosa la tatu: urithi wa amri

Usukuma inazikumbuka amri za ng'ombe. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na wakoloni mwaka 1947 ulileta kanuni nyingi za kilimo na mifugo, pamoja na kupunguza mifugo kwa lazima. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na hoja ya kweli kuhusu ardhi. Lakini zilikuja na karani, faini na polisi, na wananchi wakazipinga. Si ajabu kwamba wakoloni walikizuia Chama cha TANU kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Waliogopa hasira ile ikipata uongozi.

Hapa hapana budi tujikosoe. Baada ya uhuru tulijenga majosho mengi, na Serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama ya dawa. Hilo lilikuwa jema. Lakini mfugaji alibaki mteja wa josho, hakuwa mwenye josho. Mwongozo wa mwaka 1971 ulitufundisha kwamba si kazi ya Chama kuwahimiza wananchi watekeleze mipango iliyoamuliwa na wataalamu na viongozi wachache. Katika josho tulifanya hilo hilo. Uchumi ulipodhoofika, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ruzuku zilipunguzwa na majosho mengi yakakauka. Ni rahisi kuwalaumu mabeberu, na lawama wanastahili. Lakini tujiulize: mbona wafugaji hawakulitetea josho kama wanavyolitetea zizi? Kwa sababu waliliita "josho la Serikali", na sisi ndio tuliowafundisha kuliita hivyo.

Hatari ya upande wa pili

Wapo wanaosoma makosa haya na kusema karantini ifutwe, kwa kuwa ng'ombe wa Kisukuma wamezoea kupe. Katika usemi huu kuna ukweli nusu. Ndama wa asili anayeumwa na kupe angali mdogo, akipona, hupata kinga. Lakini kinga hiyo imenunuliwa kwa vifo vya ndama wengine, na vifo hivyo haviandikwi popote. Tena haimlindi ng'ombe wa maziwa mwenye damu ya kigeni, wala ng'ombe aliyetoka mahali pasipo na kupe. Wafugaji wengi wa Usukuma wamehamia Usangu, Rukwa na kwingineko, na kupe wamehamia nao. Kumwachia kila mtu apite atakavyo ni kumpa mmoja uhuru wa kuua mali ya mwenzake. Huko ni kufuata mkia wa umati, si kuuongoza.

Tufanye nini?

Kwanza, pasipo josho lenye dawa pasiwe na karantini ya kupe. Amri ya kufunga na dawa ya kuogeshea vifike siku moja. Kazi kubwa ya karantini iwe njiani: mnyama aogeshwe kabla ya kuondoka na aogeshwe tena anapofika. Ndigana kali haimwambukizi mtu. Kwa hiyo ng'ombe mzima wa kuchinjwa aliyekaguliwa na kuogeshwa apewe njia ya kwenda machinjioni, ili mwenye ng'ombe 6 asitupwe mikononi mwa mlanguzi.

Pili, tueneze chanjo. Watafiti wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970 walitengeneza chanjo ya ndigana kali kwa kuchanganya vimelea vya aina tatu, moja ikitoka Serengeti, na mnyama hudungwa vimelea hivyo pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni. Mrija mmoja una dozi nyingi, na ukishayeyushwa lazima utumike kwa saa chache. Mwenye ndama 4 hawezi kuutumia peke yake. Hapa sayansi yenyewe inadai ushirika.

Tatu, ulinzi uwe wa wafugaji wenyewe. Wananchi hawa hawana upungufu wa nidhamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walipambana na wezi wa ng'ombe kwa pinde na mishale mahali ambapo vyombo vya dola vilishindwa. Walifanya pia maovu, nayo yalipaswa kukomeshwa, lakini uwezo wao wa kujipanga haukanushiki. Ngitili nazo, malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, zilifufuka kwa wingi baada ya mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga kuanza mwaka 1986. Ngitili haimmalizi kupe, maana kupe huvumilia kuliko msimu mmoja. Lakini inathibitisha kwamba Msukuma hufunga malisho na kuheshimu mpaka, ikiwa mpaka huo ameuweka yeye katika mkutano wake.

Kazi ya kada wa Nkoma, basi, si kusimama pembeni ya kizuizi akihesabu waliovunja amri. Ni kuitisha mkutano, kueleza maisha ya kupe mpaka kila mchungaji ayaelewe, kuunda kamati ya josho yenye daftari la fedha linalosomwa hadharani, na kuwabana wataalamu walete dawa kwa wakati. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana mifugo peke yake ni kidole kimoja, na sheria peke yake ni kidole kimoja. Kupe ataendelea kunenepa mpaka vidole hivyo vikutane na cha mfugaji.