Jina la Largactil na Maana Zake katika Kiswahili

Dawa moja yaweza kuwa na majina matatu, na kila jina likasema jambo lake. Largactil ni mfano mwema wa hayo. Mkemia Paul Charpentier aliiunda Ufaransa, katika maabara ya Rhône-Poulenc, mwezi wa Desemba 1950, na mwanzoni ilijulikana kwa namba tu, 4560 RP. Jina la biashara lilitokana na upana wa kazi zake: ilipunguza joto la mwili, ilishusha shinikizo la damu, ilizuia kutapika, na iliongeza nguvu za dawa za kumlaza mgonjwa wa upasuaji. Aliyezoea Kiingereza hudhani mwanzo wa jina wataja ukubwa, kumbe kwa Kifaransa neno lile ni upana. Wazimu haumo kabisa katika jina hilo. Mpasuaji Henri Laborit aliona kwamba waliopewa dawa hii walipoa, wakawa kama hawajali. Kisha mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker, wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, wakawapa wenye maradhi ya akili. Hivyo kazi iliyoipa dawa sifa duniani ilikuja bila kutajwa katika jina.

Jina la pili ni lile la kimataifa, kloropromazini. Hili ni kama shajara ya nasaba, maana ndani yake mna klorini, propili, amini na fenothiazini. Mwisho wake, -azini, waonyesha ukoo, kama tuonavyo katika flufenazini na trifluoperazini. Lakini ukoo si kazi. Promethazini nayo ni ya ukoo huo, na hutumiwa zaidi kwa mzio na kutapika. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kulitafsiri jina hili, wala ya kulikata. Kuna kloropropamidi, dawa ya kisukari, na klorofeniramini, dawa ya mzio. Anayeandika “kloro” na kuiachia mkono hati iliyobaki amemwachia msomaji afanye bahati nasibu juu ya mwili wa mtu. Jina la namna hii liandikwe zima, kwa irabu zake zote, hata kama ulimi utachoka.

Taabu iko katika jina la tatu, yaani jina la jamii ya dawa. Delay na Deniker walitoa lao mwaka 1955 kwa Kigiriki, nyuroleptiki, kwa maana ya kitu kinachoshika neva. Tukilifasiri neno kwa neno tutasema “kishika mishipa”, na papo hapo tutapotea. Mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu, ni ukano, ni neva, na mtu akisema fulani ana mshipa, wasikiao hawafikirii akili yake hata kidogo. (Wagiriki wa kale nao waliita ukano na neva kwa neno moja, lakini hilo halitusaidii.) Tena, kwetu kinachoshika ni maradhi: mtu hushikwa na homa, hushikwa na wazimu. Dawa haimshiki mgonjwa, bali humwachisha. Tafsiri hiyo ingeiweka dawa upande wa adui.

Je, watu wenyewe husemaje? Husema “dawa ya usingizi” au “dawa ya wazimu”. La kwanza lina chanzo cha kweli, kwa kuwa mgonjwa husinzia saa za mwanzo. Lakini kupungua kwa sauti asikiazo peke yake na dhana zisizo na asili huchukua siku nyingi, pengine majuma kadhaa. Aliyeambiwa kwamba ni dawa ya usingizi huiacha mara alalapo vizuri, na kwa mantiki ya jina hakukosa. Jina ndilo lililokosa.

La pili lina hila ambayo nadhani haijaangaliwa vya kutosha. Kiunganishi -a, baada ya neno dawa, hakisemi dawa inaleta au inaondoa. Dawa ya minyoo huondoa minyoo. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Dawa ya mapenzi, kwa wanaoiamini, huleta mapenzi. Dawa ya meno haileti meno wala haiyaondoi. Msikiaji huamua kwa mazoea yake. Sasa mfikirie mama ambaye mwanawe, baada ya vidonge, anatetemeka, amekakamaa shingo, hawezi kutulia kitini. Hayo yote kloropromazini yaweza kuyaleta. Mama huyo akisikia “dawa ya wazimu”, ni sarufi gani itamkataza kuelewa kwamba hii ndiyo iletayo wazimu? Hata Uingereza wagonjwa walilifanya jina la biashara kuwa msemo wa mwendo wa kuburura miguu, mwendo wa Largactil. Madhara hujitafutia jina pale ambapo jina halikuyataja.

Kwa hiyo lazima kitenzi kiingie. “Dawa ya kutuliza” haitoshi, kwa sababu yachanganya jamii hii na diazepamu na wenzake, ambao kazi yao ni nyingine. Napendelea “dawa ya kuzuia wazimu”: yasema inalofanya, na haiahidi kuponya.

Nitaambiwa kwamba wazimu ni neno la tusi na lifutwe. Katika neno hilo mna mzimu na kuzimu, ndiyo. Lakini saikosisi nayo yatoka katika neno la Kigiriki la roho, na hakuna aionaye haya. Neno lina haki ya kukaa katika kamusi. Kuitwa kwa sauti kwenye dirisha la dawa, mbele ya majirani, ni jambo jingine. Hapo bahasha iandikwe kloropromazini, kipimo na saa za kumeza, na maelezo ya kazi yake apewe mgonjwa faraghani.