"Mapigo" Yamebeba Mzigo Mkubwa: Maoni Juu ya Istilahi za Kazi ya Moyo

Miongoni mwa istilahi za utabibu zinazostahili kuchujwa upya ni zile zinazoeleza kazi ya moyo wakati wa mazoezi. Kasoro kubwa ni kulitwisha neno moja, "mapigo", maana tatu: idadi ya mapigo kwa dakika, kiasi cha damu kinachosukumwa kwa pigo moja, na jumla ya damu inayosukumwa kwa dakika.

Hesabu yadhihirisha hatari yake. Moyo wa mtu asiye mwanamichezo, akiwa amepumzika, waweza kupiga mara 70 kwa dakika, kila pigo likisukuma mililita 70. Jumla ni karibu lita 5. Moyo wa mkimbiaji wa masafa marefu waweza kupiga mara 50 tu, kila pigo likitoa mililita 100. Jumla ni lita 5 vilevile. Mazoezi yafikapo kilele, idadi ya mapigo yao hukaribiana. Kinachowatenga ni wingi wa damu katika kila pigo, hata wa kwanza akafikia kama lita 20 kwa dakika, na bingwa akapita 30. Mfasiri aandikaye kuwa mapigo ya mwanamichezo ni "dhaifu", badala ya "machache", amegeuza sifa kuwa maradhi. Yafaa basi tutenganishe "kasi ya mapigo", "ujazo wa pigo" na "mtoko wa moyo".

Kadhalika, kupima si kukadiria. Mwaka 1870 Adolf Fick alieleza kuwa mtoko wa moyo hupatikana kwa kugawanya oksijeni itumiwayo na mwili kwa tofauti ya oksijeni iliyomo katika damu ya ateri na ya vena. Kuipata damu hiyo hulazimu kupitisha mrija mwembamba mishipani hadi moyoni. Mawimbi ya sauti yaelekezwayo kifuani kutoka nje hayahitaji mrija, walakini hutoa makadirio. Kuiita njia hii "upimaji usiovamia" hakufai, kwani kuvamia ni kazi ya majambazi. "Ukadiriaji wa nje ya mwili" hueleza yote mawili.

Huu si mchezo wa maneno. Mtumishi asomaye "kipimo" mahali pa "kadirio" aweza kumfungia kijana mlango wa michezo kwa tarakimu isiyostahili uzito huo.