Rangi Inayostahimili Kuzimuliwa

Mnunuzi wa rangi za modeli za ndege kwa kawaida huanza na jina. Ana Spitfire ya mwaka 1940 mezani, kasoma kwamba mgongo wake ulikuwa Dark Earth na Dark Green, basi anatafuta vichupa vyenye maandishi hayo. Kama ndege ni Messerschmitt hutafuta namba ya RLM, na kama ni F-16 hutafuta namba ya Federal Standard. Kuyajua majina hayo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba jina likiwa sahihi basi na rangi ni bora. Rangi ya kupigwa kwa brashi ya upepo hupimwa kwanza kwa jambo moja: inastahimili kuzimuliwa kiasi gani na bado ikafunika, ikashika, na kuacha uso laini. Ustahimilivu huo haumo ndani ya kichupa peke yake, umo katika kichupa na thina yake vikiwa pamoja, kwa hiyo anayechagua rangi bila kuchagua thina amenunua nusu ya bidhaa.

Sababu ni ya hesabu. Katika kipimo cha 1:72, kila milimita moja ya modeli inasimama mahali pa milimita 72 za ndege halisi. Ganda la rangi lenye unene wa milimita 0.05, ambalo jicho halilioni kuwa nene, likikuzwa mara 72 ni milimita 3.6 za rangi. Ndege halisi hubeba takriban sehemu ya kumi ya milimita tu. Kwa 1:48 ganda hilohilo ni milimita 2.4, na kwa 1:32 ni milimita 1.6, kwa hiyo modeli kubwa husamehe zaidi, lakini hakuna inayosamehe kabisa. Tena rangi haiji peke yake. Chini yake kuna praima, juu yake kuna vanishi ya kung'aa kwa ajili ya stika za maji, halafu vanishi ya mwisho ya kuondoa mng'ao. Kila tabaka huingia kwenye mistari ya maungio ya mabati na vidoti vya riveti ambavyo mchongaji wa kalibu alivitolea jasho. Ndege ikishapoteza mistari hiyo, hakuna jina la rangi litakaloirudisha.

Rangi yoyote ina vitu vitatu vikuu: chembe zinazotia rangi, gundi inayozishika, na kimiminika kinachovibeba vyote na kisha kutoweka. Thina huongeza hicho cha tatu tu. Kama chembe ni chache au zimesagwa vibaya, kuzimua hufichua umaskini huo papo hapo: rangi inakuwa maji yenye madoa, na fundi analazimika kupita mara sita mahali ambapo mara mbili au tatu zingetosha, akirudisha unene uleule aliokuwa anaukimbia. Ndiyo maana rangi ya kupimia uhodari wa kiwanda si kijivu wala kijani, kwa kuwa hizo hufunika karibu zenyewe. Pimia nyeupe na njano. Nyeupe hutegemea titani dioksidi, na inapopungua au kusagwa ovyo, mgongo mweupe wa ndege ya abiria, tuseme Super VC10 ya East African Airways, huonyesha kivuli cha praima kila penye pembe. Njano ni ngumu zaidi. Hata iliyo bora hutaka nyeupe chini yake, na anayeipiga moja kwa moja juu ya praima ya kijivu asilaumu kiwanda.

Kuhusu jamii za rangi, wengi huzitofautisha kwa harufu, ilhali tofauti yenye maana ni namna kila moja inavyokauka, maana hapo ndipo mpaka wa kuzimua unapowekwa. Laka, kama Mr. Color ya Japani au MRP ya Slovakia, hukauka kwa kimiminika kuondoka tu. Gundi yake imeyeyuka ndani ya thina, hivyo unaweza kuizimua sana bila kuivunja. Sehemu moja ya Mr. Color kwa moja na nusu au mbili za thina ni kawaida, na kwa madoadoa ya ubavuni mwa ndege za Kijerumani mafundi hufika tatu au zaidi, wakishusha upepo hadi kama bar 0.7. MRP huuzwa ikiwa imeshazimuliwa kiwandani. Rangi za Tamiya za X na XF huitwa akriliki, lakini zimebebwa na alkoholi na jamaa zake, kwa hiyo hupokea thina yake ya X-20A, na hupokea hata thina ya laka. Zikichanganywa na Mr. Leveling Thinner, yenye kicheleweshi cha kukauka ndani yake, hulala vizuri kuliko zinavyolala kwa thina yao wenyewe. Hilo nalisema nikijua kwamba kiwanda hakitafurahi. Akriliki za maji, kama Vallejo ya Hispania, ni kitu kingine kabisa. Gundi yake ni vitone vidogo vinavyoelea majini, vinavyoshikamana kuwa utando maji yanapokauka. Ukizidisha maji, vitone hivyo hukaa mbali mbali, utando unakuwa dhaifu, na utepe wa kufunikia unaondoka na rangi yote. Ukiitia alkoholi inaweza kuganda kama uji ndani ya kikombe. Enameli, kama zile za Humbrol zilizoanzia Hull, Uingereza, huzimuka kwa utulivu na hulala laini sana, lakini baada ya thina kuondoka bado zinahitaji oksijeni ya hewani ili zikomae, na kazi hiyo huchukua siku.

Kwa mtazamo huo, naiweka laka mbele kwa ndege. Akriliki ya alkoholi inafuata kwa karibu, enameli ni ya mwenye subira, na akriliki ya maji ni ya brashi ya mkono na vitu vidogo vya ndani ya chumba cha rubani. Wapo wanaopata matokeo mazuri kwa akriliki ya maji, na kazi zao zinaonekana. Lakini wanayapata kwa praima nzuri, kicheleweshi, na kufuta ncha ya sindano kila baada ya dakika chache. Bidhaa inayodai utumishi mwingi kiasi hicho haiwezi kupewa alama sawa na isiyodai.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuzimua hadi rangi iwe kama maziwa. Umeenea kwa kuwa unakumbukika, wala si kwa kuwa unapima kitu. Laka na akriliki ya maji zinaweza kufanana kabisa kikombeni kisha zikatofautiana zikifika kwenye plastiki, maana moja inaondoka kwa haraka na nyingine inajikusanya matone. Kipimo bora ni ukuta wa kikombe. Zungusha rangi ipande ukutani, kisha itazame ikishuka. Ikiacha utando mmoja mwembamba unaopitisha mwanga, bila chembe kujitenga, iko tayari. Ikishuka kwa michirizi yenye mashimo, imezidi maji au thina si yake. Kisha pima kwenye kipande cha plastiki kilichochorwa mstari mweusi, ukihesabu mipito hadi mstari ufichike, na baada ya saa 24 bandika utepe na kuuvuta. Mwisho shika kipande hicho ubavuni mwa taa, mwanga ukipita juu yake kwa mlazo. Uso uliojaa vumbivumbi unasema rangi ilikauka hewani kabla ya kufika: ilikuwa nzito, au brashi ilikuwa mbali, au thina inaondoka upesi mno. Rangi iliyotawanyika kwa miguu ya buibui inasema kinyume, kwamba ilikuwa nyepesi na upepo ukaisukuma. Rangi mbaya ni ile ambayo hutoka vumbi moja kwa moja hadi buibui, bila nafasi katikati ya kufanyia kazi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya pili, na kwamba modeli ya kihistoria huhukumiwa kwa usahihi wa rangi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba usahihi una sura mbili. Kivuli cha rangi hurekebishika: tone la nyeupe au la kahawia likiongezwa, olive drab iliyokolea mno inakuwa ile iliyopauka juani, na ndege za vita zilipauka kweli, kila moja kwa namna yake. Ukwaruzi wa chembe haurekebishiki kwa tone lolote. Tazama bawa la P-51 Mustang. Kiwandani maungio yake yalijazwa lipu, yakasuguliwa na kupigwa rangi ya fedha, ili hewa ipite bila kuvurugika. Mwenye kupiga bawa hilo fedha yenye chembe kubwa amekosea historia, hata kama namba iliyo kichupani ni sahihi kwa herufi. Na stika za maji zikibandikwa juu ya uso unaokwaruza hunasa hewa chini yake na kung'aa kifedha pembezoni, kosa linaloonekana mbali kuliko kijivu kilichokosewa kidogo.

Pingamizi la bei ni la haki zaidi: kwa nini kulipia thina ya kiwanda wakati duka la vifaa vya ujenzi linauza lita nzima kwa bei ndogo? Kwa kuoshea brashi, nunua hiyo ya lita bila kusita. Kwa kuzimulia, tatizo ni kwamba mchanganyiko wake hutengenezwa kwa ajili ya bati na mbao, na unaweza kubadilika kutoka pipa hadi pipa. Polistirini ya modeli huumwa na thina kali. Kuumwa kidogo huisaidia rangi kushika, na kuzidi huipasua uso kwa nyufa ndogondogo. Ijaribu kwenye fremu ya plastiki iliyobaki ya modeli kabla ya kuiamini.

Hatari ya kiafya haijibiwi kwa hesabu ya unene. Mvuke wa laka ni sumu, na barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii hata kidogo. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pamoja na feni inayotoa hewa nje. Asiyeweza kupata hivyo viwili apige akriliki ya maji, tena akiwa na kichujio cha vumbi, kwa sababu ukungu wa rangi haufai mapafuni hata ukiwa hauna harufu. Na kwa mwenye kazi yake Mombasa, Tanga au Unguja wakati wa masika, laka ina tabia moja zaidi. Thina inapoondoka kwa kasi hupoza uso, unyevu wa hewani unageuka matone juu yake, na rangi inapata ukungu mweupe. Dawa ni thina yenye kicheleweshi, na kama ukungu umeshaingia, mpito mmoja mwepesi wa thina hiyo peke yake, siku kavu, huiyeyusha laka upya na kuyaachia maji yatoke. Kompresa nayo iwe na kinasa maji, na kimwagwe kila mara kabla ya kuanza kupiga.