Mgeni wa Usiku Mmoja: Usawiri wa Mji wa Bandari na Msomaji wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha tatu juu ya ziara ya Mombasa anajua atakachokutana nacho. Miale ya jua inapenya mawinguni, minazi inapunga kwa upepo, maji ni ya samawati, madafu ni matamu, na mwandishi anarejea kwao akiwa na furaha na bashasha. Sarufi ya insha kama hiyo yaweza kuwa safi. Hata hivyo, ukilifuta jina la Mombasa ukaandika Malindi au Dar es Salaam, hakuna litakaloharibika. Mji haumo.

Wanafunzi ninaowafundisha hutoka Kibera na Kawangware, na wengi wao hawajaiona bahari. Kwa muda mrefu niliamini kuwa hicho ndicho chanzo cha udhaifu wa insha zao. Siku hizi sina hakika hiyo tena, kwa sababu hata waliokwenda huandika vivyo hivyo. Tatizo ni mahali anaposimama mtazamaji, na mahali hapo tumewafundisha sisi wenyewe, kila tunapowaambia kuwa mandhari ni "mahali ambapo matukio yanatokea" kisha tukaishia hapo.

Makala haya yanachunguza jinsi mgeni anavyousawiri mji wa bandari katika matini nne ambazo mwalimu anaweza kuzizungumzia darasani: maelezo ya msafiri Ibn Battuta, tungo za Muyaka bin Haji, riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, na Siku Njema ya Ken Walibora. Kigezo nitakachotumia kimo katika methali inayojulikana na kila mwanafunzi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nadai kwamba thamani ya usawiri wa mji hupimwa kwa kuuliza kama msimulizi amelishika jembe, au angalau kama amemwona aliyelishika.

Msafiri wa mwaka 1331

Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja nchini Moroko, alipita katika pwani yetu mwaka 1331 akielekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Masimulizi yake, yajulikanayo kama Rihla, yaliandikwa kwa Kiarabu na Ibn Juzayy kutokana na imla yake, na yalikamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya usiku ule. Pamoja na hayo, usiku huo mmoja umekuwa ukinukuliwa na wanahistoria hadi leo.

Alisema nini? Alisema kuwa Mombasa ni kisiwa, kwamba kina migomba na milimau, kwamba chakula cha wenyeji ni ndizi na samaki, na kwamba hawalimi nafaka bali huletewa kutoka nje ya kisiwa. Aliongeza kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kwamba mlangoni pana kisima, na kwamba watu hutembea miguu mitupu, hivyo huiosha kabla ya kuingia.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Kibera aliinua mkono akauliza: mtu aliyelala usiku mmoja anawezaje kuaminiwa? Kisha akaeleza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kuwa kwao huja wageni na kamera, wakaongozwa kwenye vichochoro kwa saa moja au mbili, wakapiga picha za mitaro na watoto, wakaondoka. Alitaka kujua kama nao wataaminiwa baada ya miaka mia saba.

Swali hilo lina uzito. Ziara za watalii Kibera zimezoeleka tangu miaka ya 2000, hasa baada ya filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu zake zilipigwa humo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaujua upande wa pili wa usawiri. Amekuwa mandhari ya mtu mwingine. Anajua jinsi mtaro wa mlangoni pake unavyogeuka habari, ilhali mama yake anayekaanga samaki hatua tatu kutoka hapo haonekani. Cha kusikitisha ni kwamba mwanafunzi huyo huyo akipewa kalamu aandike juu ya Mombasa, huwa mgeni wa kamera. Minazi huiona, anayeukwea mnazi hamwoni.

Hata hivyo, ni lazima tumtendee haki Ibn Battuta. Katika usiku mmoja aliuliza swali ambalo insha nyingi haziulizi: watu hawa wanakula nini, na chakula chao kinatoka wapi? Habari ya nafaka iletwayo kutoka nje inatuonyesha kisiwa kinachoitegemea bara na vyombo. Habari ya miguu inayooshwa inatuonyesha mwili wa mwenyeji ukiwa katika shughuli. Katika safari hiyo hiyo, alipofika Mogadishu, aliona vijana wakiyafuata majahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akijichagulia mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Hapo tunaielewa methali nyingine: mgeni njoo mwenyeji apone. Ukarimu wa bandarini ulikuwa na hesabu zake, na msafiri aliziona. Basi idadi ya siku peke yake haitoshi kuwa kipimo. La msingi zaidi ni swali analokuja nalo mgeni.

Mwenyeji asiyeeleza

Tukitoka kwa msafiri tukaenda kwa mwenyeji, tunakutana na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Tungo zake zilikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishenari W. E. Taylor, na zilichunguzwa kwa kina na Mohamed H. Abdulaziz katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Muyaka aliishi katika kipindi cha mwisho cha utawala wa Mazrui, uliokoma mwaka 1837 Mombasa ilipotwaliwa na Seyyid Said.

Tukimsoma kwa kigezo chetu, tunagundua kuwa mara nyingi Muyaka haelezi mji. Anazungumza ndani yake. Anawajibu watu, anawatania, anawaonya maadui, anataja mahali bila kumwongoza msomaji kufika. Bahari kwake ni njia ya vyombo, ya faida, hasara na vita. Haina haja ya kupewa rangi. Mwanafunzi anayemlalamikia Muyaka kuwa ni mgumu analalamika, kwa hakika, kuwa ameingia nyumbani kwa watu katikati ya mazungumzo. Mwalimu asikimbilie kumfasiria kila neno. Ni heri kwanza amwulize: mgeni akiingia Makina au Gatina, akakuta wenyeji wanabishana juu ya maji na kodi, atahitaji siku ngapi ili aelewe wanachokwepa kukitaja?

Waliopewa jembe

Kigezo chetu kinapata uzito zaidi tukivuka kwenda Unguja, katika riwaya ya Kuli (1979). Humu bandari inatazamwa kutoka chini ya mzigo. Rashidi, mhusika mkuu, ni mtoto wa kuli Majaliwa aliyefia kazini bandarini, naye mwenyewe anaishia kubeba mizigo ile ile kabla ya kuzinduka na kushiriki harakati za wafanyakazi. Riwaya inajengwa juu ya mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla, Januari 1947, Mombasa nayo ilikuwa imesimama kwa mgomo mkuu ulioliibua jina la Chege Kibachia na Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Miji miwili ya bandari, visiwa viwili, na swali moja: ni nani anayelipwa kiasi gani ili meli ipakuliwe?

Mandhari katika Kuli hayawezi kutenganishwa na maudhui. Gati, ghala na kreni havikuwekwa ili kupamba. Kila kimoja kina uzito ambao mgongo wa mtu umeupima. Mwanafunzi akiulizwa aeleze umuhimu wa mandhari katika riwaya hii, akajibu tu kuwa "yanafanyika bandarini Unguja", amekaa na mgeni wa kamera. Akisema kuwa bandari ndiyo inayompa Rashidi riziki na ndiyo iliyompokonya baba, amekaribia kuhakiki.

Siku Njema (1996), riwaya ya marehemu Ken Walibora aliyetutoka mwaka 2020, inaipindua safari. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame, anatoka Tanga, mji wa bandari, kwenda hadi Kitale kumtafuta babake. Jina lake ni jina kongwe la Mombasa, na leo ni jina la mtaa na soko kubwa upande wa Nyali. Mwandishi ameuchukua mji wa bandari akauvika mtu, kisha akamtuma bara. Msafiri wa pwani ndiye sasa anayehitaji kupokewa na watu wa bara. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama hadithi ya yatima anayefaulu. Nadhani inafaa pia isomwe kama mtihani wa wenyeji: je, sisi wa bara tunampokeaje mgeni?

Bandari iliyopanda bara

Swali hilo la mwisho linaturudisha Nairobi. Kibera yenyewe ni makazi ya watu waliofika. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ndio waliolipa eneo hilo jina kutokana na neno lao la msitu. Kijiji cha Lindi ndani ya Kibera kinashirikiana jina na mji wa bandari wa kusini mwa Tanzania. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ndiyo mama wa reli ambayo mwanafunzi wa Kibera huivuka akienda shule. Mitumba inayouzwa katika soko la Toi hupitia Kilindini. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema hajafika bandarini huenda amevaa shati lililopita hapo.

Nakumbuka insha moja iliyonizindua. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi wachache Mombasa kwa siku moja. Wengi waliandika juu ya Ngome ya Yesu na juu ya pembe za Moi Avenue, ambazo, tukumbuke, zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Msichana mmoja wa Kawangware hakuandika juu ya pembe wala ngome. Aliandika juu ya mtu aliyesukuma mkokoteni kuteremka kwenye kivuko cha Likoni, jinsi alivyouzuia kwa visigino usiwaparamie watu. Aliulinganisha na mkokoteni wa mitungi ya maji ambao babake huusukuma kupanda mlima kwao. Alikuwa na makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi. Nilimpa alama za juu kuliko wote, na mwenzangu wa idara akanipinga. Alisema mtahini wa taifa hatakuwa na huruma hiyo.

Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. Mtahini hana nafasi ya kumjua babake mtu, na makosa ya sarufi yana gharama yake. Nilikaa na msichana huyo jioni tatu tukayarekebisha. Lakini upatanisho wa kisarufi unaweza kufundishwa kwa jioni tatu. Jicho lile halifundishwi kwa jioni tatu, na huzimwa upesi sana na kalamu nyekundu.

Darasani

Kwa walimu wenzangu, napendekeza maswali manne kila tunapokutana na msafiri katika matini, iwe riwaya, shairi au insha ya mwanafunzi. Kwanza, anayesimulia alikaa muda gani, na alisimulia baada ya muda gani? Pili, ni nani aliyempokea, na mwenyeji huyo alipata nini? Tatu, watu wa mji wanakula nini, na ni nani anayebeba? Nne, ni nani aliyekuwapo asionekane?

Baada ya hapo, mwanafunzi aandike juu ya mgeni anayeingia mtaani kwao, kwa nafsi ya mwenyeji. Ndipo apewe Mombasa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa mandhari ya mji wa bandari hubadilika kulingana na anayeyatazama: mpita njia, mwenyeji, au mbeba mzigo. Wanafunzi wa Kibera na Kawangware mara nyingi huhesabiwa kuwa na upungufu katika kuyasoma mandhari hayo, eti kwa kuwa hawajasafiri. Tajriba yangu inaniambia kinyume. Wanajua kutazamwa, wanaijua mizigo, wanajua kuwapokea wageni waliokuja kwa usiku mmoja wakakaa miaka hamsini. Kazi yetu ni kuwaruhusu wayalete hayo darasani, kisha tuwasaidie kuyaandika kwa Kiswahili ambacho mtahini hataweza kukikata.