Misa Luba na Ngoma Zake

Dominika moja hapa Mokambo waimbaji walijaribu Sanctus ya Misa Luba. Ngoma zote zilitoka katika kinanda cha umeme, nao wakaimba sawasawa na karatasi ya noti. Hakuna aliyekosea. Walakini mzee mmoja karibu yangu aliuliza polepole, "Hii ndiyo ile ya Kamina?" Swali lile lilinikaa rohoni.

Misa Luba ilizaliwa Kamina, katika Katanga. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya watoto na walimu wao katika kundi liitwalo Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walikwenda Ulaya, wakaimba Bruxelles wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Maneno ni Kilatini, lakini Kyrie hufuata kasala, wimbo wa kilio cha Waluba, na Sanctus hufuata wimbo wa kuagana. Hawakuwa na noti mbele yao. Mmoja alianza, wengine wakaitikia, mapambo yakazaliwa palepale. Noti ziliandikwa baadaye.

Wako watu Ulaya waliohangaika na jambo hili katika muziki wa karne ya 16. Huko Uingereza Arnold Dolmetsch (1858-1940) alitengeneza upya vinanda vya nyuzi na filimbi zilizokwisha kusahauliwa, maana aliona kwamba muziki wa kale, ukipigwa kwa vyombo vya siku hizi, hugeuka kuwa muziki mwingine. Lakini yeye alikuwa na noti, akakosa vyombo. Kwetu miti ya kuchonga ngoma haijaisha. Tunachokosa ni ile njia ya kuimba bila karatasi.

Tazameni kyondo. Ni ngoma ya mti mtupu, haina ngozi, ina mpasuo juu. Midomo yake hutoa sauti mbili, moja juu, moja chini, kama maneno ya Kiluba yanavyopanda na kushuka. Kwa hiyo kyondo husema. Kinanda kile hurudia pigo lake tu, hata mwimbaji akikawia kuvuta pumzi hakimngojei.

Kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliitoa Misa hii katika santuri mwaka 1990, kwa sauti za wanaume na wanawake wazima. Nawasifu, hawakujifanya watoto wa Kamina. Katika Kyrie tu nakosa kile kilio chembamba cha watoto, ambacho sauti nzito haziwezi kukitoa. Lakini afadhali wao kuliko kwaya inayofuata kila nukta ya karatasi: hiyo, hata ikiletewa kyondo halisi, inaiga jioni moja ya watu wengine.

Baada ya Misa yule mzee alibaki. Akagonga benchi kwa vidole viwili, akionyesha jibu ambalo ngoma ingetoa baada ya Hosanna. Waimbaji wawili walirudi mlangoni, wakasimama kumsikiliza.