Mafunzo ya Uandishi kwa Njia ya Mtandao: Swali la Msomaji wa Mbali

Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimkabidhi Livingstone mfuko wa barua uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulitoka Unguja, ukakwama Unyanyembe, penye mji wa Tabora. Wenye kuandika katika njia ile ya misafara walijua kwamba barua hukawia, na kwamba mwandikiwa hatakuwa na wa kumwuliza maana. Barua za Kiswahili alizozichapisha Büttner huko Berlin mwaka 1892 zaonyesha utaratibu uliorithiwa kwa Waarabu na kuifaa hali hiyo: salamu ndefu, kisha “wabaadu”, ndipo habari na haja, ili mwandikiwa ajue nani anena naye, na kwa ajili gani.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeko Tabora aweza kusoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, na kuituma insha yake kwa programu ya Moodle mara moja. Njia imefupika, lakini msomaji amepotea. Insha yaandikwa kwa ajili ya alama, wala mwandishi hajui ni nani asiyeelewa asemalo. Juu ya hayo, yaandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye, katika shule ya msingi, aghalabu alijifunza kuandika kwa Kiswahili. Somo la stadi za mawasiliano laeleza aya ni nini na marejeo hupangwaje. Hiyo ni elimu juu ya kuandika, wala si kuandika kwenyewe. Anayenakili vizuri aweza kulipita bila kutunga lolote.

Watetezi husema mhadhiri mmoja hawezi kuwajibu mamia ya wanafunzi. Ni kweli, lakini nani alisema msomaji sharti awe mhadhiri? Mwanafunzi wa Tabora na amweleze mwenzake wa Bagamoyo, kwa Kiswahili kwanza, jinsi tumbaku ya mvuke inavyokaushwa katika bani. Mwenzake, ambaye hajapata kuliona bani, amrudishie maswali. Hapo ndipo mwandishi atakapotambua alichokiruka, na rasimu ya pili, ya Kiingereza, itakuwa na la kusema. Tippu Tip (ambaye hakuhudhuria chuo kikuu chochote) aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa ombi la Brode, Mjerumani. Alikuwa na msomaji aliyetaka kujua.

Kasoro ipo. Barua hufundisha kueleza, haifundishi kupinga. Mwanafunzi wa sheria au wa historia ahitaji kupima hoja ya mtu mwingine, na kwa hilo maswali ya mwenzake hayatoshi: huko mhadhiri hana budi kusoma rasimu moja, angalau, kabla ya ile ya alama.